Kama wasiwasi ndio akili, basi mimi ni profesa

Nilikuwa na video 1,312 za mlango mmoja.

Si video za mlango ukifunguka, wala za mtu anayeingia. Ni mlango uliofungwa, umetulia, haujamkosea mtu. Katika kila video mkono wangu unaonekana ukivuta kitasa mara nne, kisha sauti yangu inasikika ikisema, "Umefungwa," kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Idadi yake niliijua siku mpwa wangu alipoendesha baiskeli kwa mara ya kwanza bila kushikwa. Nikainua simu nimpige picha, simu ikagoma: imejaa, chagua cha kufuta. Mtoto akapita na baiskeli, akaanguka, akainuka, akapita tena, na mimi bado nimeinama najiuliza: nikiufuta mlango wa mwezi wa tatu, halafu ije ijulikane kwamba siku ile haukuwa umefungwa, nitajitetea na nini?

Video hizo zilianza kwa nia njema. Nilikuwa nimechoka kurudi kutoka njiani kwenda kuangalia kama nimefunga. Siku mbaya nilirudi mara tatu kabla ya kufika kazini. Nikajiambia, piga video, shaka ikikujia itazame, yaishe. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano shaka ikaja na swali zuri kwelikweli, swali la wakili mwenye uzoefu: una uhakika gani kwamba hii ni video ya leo? Ndiyo, simu inaandika tarehe. Lakini nani anaihakiki simu?

Basi nikaanza kuonyesha siku kwa vidole mbele ya kamera. Jumamosi kidole kimoja, maana ndiyo mosi. Jumapili viwili, Jumatatu vitatu, Jumanne vinne, Jumatano kiganja kizima. Nikaona nimepatia. Kesho yake nikasimama mbele ya mlango, simu mkono huu, vidole mkono ule, nikagundua kwamba leo ni Alhamisi. Na Alhamisi, kwa Kiarabu tulikoichukua, ni siku ya tano. Jumatano nayo ni ya tano. Wiki yetu ina tano mbili! Wazee wetu siku tano walizihesabu wenyewe, mbili wakaazima, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuhakiki hesabu. Mimi ni mhasibu, jambo kama hilo siwezi kulipita hivihivi. Asubuhi ile nilichelewa kazini dakika 50 kwa sababu ya isimu.

Ugonjwa wangu madaktari wanauita OCD. Wakiueleza kwa Kiswahili maneno yanakuwa marefu: fikra zinazong'ang'ania kichwani bila kualikwa, na vitendo ambavyo mtu anavirudiarudia ili kuzituliza. Mimi naona jina tulikuwa nalo siku zote. Wasiwasi. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kunong'ona. Lisikilize: wasi, wasi. Hata jina limejiangalia mara mbili. Abu Zayd al-Balkhi, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya maradhi ya nafsi akaipa minong'ono hiyo nafasi yake, mbali na huzuni, hasira na hofu ya kawaida. Wafaransa wa karne ya 19 waliuita wazimu wa shaka. Hilo nalo linanikaa vizuri, maana mimi tatizo langu si uchafu wala si mpangilio. Ni shaka.

(Nikiwa hapohapo: tafadhali, msiniombe niwapangie makabati. Meza yangu ina vikombe vitatu vya juzi na soksi moja ambayo sijui inafanya nini pale. Mtu akisema, "Hata mimi nina OCD kidogo, napenda vitu vikae sawa," huwa natamani nimwazime yangu kwa wikendi moja tu. Airudishe Jumatatu, na nina hakika angeirudisha mapema.)

Na sipo peke yangu. Samuel Johnson, yule Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alikuwa na mambo yake na milango. Rafiki yake Boswell aliandika kwamba Johnson alikuwa akikaribia mlango anahakikisha amefika kwa idadi fulani ya hatua, mguu fulani utangulie kupita. Akikosea anarudi nyuma anaanza upya. Leo hakuna awezaye kumpima marehemu, lakini siku niliyosoma habari hiyo nilicheka peke yangu kama mwehu. Mtu aliyekaa akafafanua maelfu ya maneno, ameshindwa na kizingiti.

Mtambo wa ugonjwa huu ni mwepesi kuueleza na mgumu kutoka ndani yake. Inakuja fikra: huenda hujafunga. Inafuata hofu, nayo si hofu ya mchezo. Moyo unadunda, tumbo linakaza. Unarudi, unavuta kitasa, unapata nafuu. Ile nafuu ndiyo mtego, kwa sababu ubongo umejifunza kwamba kurudi ndiko kulikokuokoa, kwa hiyo kesho utakuita tena. Tena utakuita mapema zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna jaribio moja ambalo nalipenda kuliko yote, pengine kwa sababu lilinitukana kisayansi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwaweka watu wazima wasio na ugonjwa huu mbele ya kompyuta yenye picha ya jiko la gesi. Wakawaambia wawashe, wazime, kisha wakague. Baadhi yao waliagizwa kukagua jiko hilohilo tena na tena. Wengine walipewa kitu kingine cha kukagua, balbu. Mwishoni wote wakaulizwa juu ya ukaguzi wa mwisho wa jiko. Waliokagua jiko mara nyingi walikumbuka kwa usahihi karibu sawa na wenzao, ila kumbukumbu zao zilikuwa zimefifia, na imani yao juu ya kumbukumbu hizo ilikuwa imeporomoka. Yaani kukagua kulizalisha shaka kwa watu ambao hawakuwa nayo! Mimi nilikuwa nadhani naangalia mlango mara nne kwa sababu sina uhakika. Kumbe sina uhakika kwa sababu naangalia mara nne.

Sasa mwambie hivyo mtu aliyekulia kwenye lugha inayosema wasiwasi ndio akili. Msemo huu umenilea vibaya. Nilipoanza, nikiwa na miaka 12, nilikuwa nakagua begi la shule mpaka zipu ikang'oka, na watu wazima wakasema huyu mtoto ni makini. Kazini nako wasiwasi unalipwa mshahara. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mhasibu amejumlisha safu mara tatu. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu kwa umakini wangu, nami nikashukuru kwa adabu, huku nikijiuliza kama neno nililotumia kushukuru lilikuwa "asante" au nilimtukana bila kujua.

Hilo la kutukana bila kujua si utani. Kuna kipindi nilikuwa nikituma barua pepe kwa mteja naisoma mara 11 kabla ya kuituma, halafu naifungua upande wa zilizotumwa naisoma tena, kutafuta tusi ambalo huenda vidole vyangu vimeandika kwa siri. Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Nikamwandikia mteja: "Samahani sana kama kuna neno lolote baya katika barua yangu ya mchana." Akajibu: "Neno gani?" Nikamjibu: "Hakuna, nahakikisha tu." Ukiwa mteja, mhasibu wako akakuandikia hivyo saa mbili usiku, utafanya nini? Aliomba hesabu zake za mwaka mzima zikaguliwe upya na mtu mwingine. Zilikuwa sawa kabisa, hata senti haikupotea. Namshukuru mtu huyo, maana ndiye binadamu pekee aliyewahi kunishinda kwa kukagua.

Nimeyasema haya kwa kicheko kwa sababu yanachekesha. Kuna moja ambalo kwa miaka mingi sikulicheka wala sikumwambia mtu.

Mpwa wangu alipozaliwa, dada yangu alinipa nimbebe, nikamshika kama dakika moja. Fikra ikaja: ukimwangusha je? Hiyo kila mtu anaijua, unamshika mtoto vizuri zaidi na maisha yanaendelea. Lakini yangu ikaongeza neno moja: ukimwangusha makusudi je? Nikamrudisha kwa mama yake haraka, nikaweka mikono nyuma kama askari anayekaguliwa. Na nyuma ikabaki. Miezi kadhaa nilikwenda kumtembelea mpwa wangu nikiwa nimesimama mbali, mikono nyuma, natabasamu kutoka mlangoni. Dada akadhani najivuna, au simpendi mwanawe. Mimi nyumbani usiku nilikuwa najihoji mpaka alfajiri: mtu wa namna gani anawaza hivyo? Kwani mtu mwema anaweza hata kulifikiria?

Anaweza. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, kama huwa wanajiwa na fikra za ajabu ajabu: za kuumiza mtu, kujirusha, kutamka neno chafu mahali pasipofaa. Wengi walikubali. Tofauti ni kwamba mwenzangu fikra ikimjia anasema, "Loo, upuuzi gani huu," anaendelea na safari. Mimi naikalisha, naiandikia faili, naifungulia kesi. Na fikra hizi hung'ang'ania pale mtu anapopenda zaidi. Wasiwasi wangu uliona mtoto nimpendaye, ukajua hapa ndipo pa kukaa. Kama nawe umesimama mahali na mikono nyuma, mwambie daktari au mtaalamu wa saikolojia. Hatashtuka, kwa sababu amezisikia nyingi. Mimi niliyemwambia aliandika kitu kwenye daftari, akaniuliza kama fikra hiyo huja zaidi asubuhi au jioni, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mafua. Nililia. Kisha nikauliza kama nimeeleza vizuri, au nianze upya.

Kilichonipeleka kwake, hata hivyo, hakikuwa hicho. Mpwa alikuwa na miaka minne. Nilimkuta sebuleni kwao akicheza na sanduku la midoli. Anafunga kifuniko, anakivuta, anasema, "Umefungwa." Anakivuta tena, "Umefungwa." Mara nne. Kisha akapiga hatua mbili, akasimama, akashika kiuno, akahema kama mzee, akarudi. Nikamuuliza unacheza mchezo gani. "Nacheza Mjomba," akasema.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kwa kweli alikuwa ameniiga vizuri mno, hata ule mhemo. Usiku sikucheka. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba mtoto amejifunza kuhesabu mpaka nne kutoka kwenye ugonjwa wangu.

Siku ya kwanza kwa daktari nilipewa maswali ya kipimo cha Yale-Brown, kinachopima ukali wa OCD, kilichochapishwa mwaka 1989. Ni maswali 10 tu, kila moja lina alama kuanzia 0 hadi 4, jumla 40. Yalinichukua karibu saa nzima. Swali la nne nililibadilisha mara tatu, mwisho nikaomba fomu nyingine safi. Daktari akaitazama fomu iliyochanikachanika kwa kufutwa, akasema, "Hii inatosha. Imejieleza." Nilipata 27, ambayo ni kali. Mhasibu ndani yangu aliuliza kama alama zimejumlishwa sawasawa. Akanipa kalamu nijumlishe mwenyewe, mara moja tu, akaichukua.

Matibabu yenyewe, ukielezwa, unaweza kudhani ni adhabu. Yana historia nzuri: mwaka 1966 Victor Meyer, akiwa London, alichapisha habari za wagonjwa wawili ambao walikabilishwa na kile wanachokihofia, huku wakizuiwa kufanya vile vitendo vyao vya kujituliza. Wakapata nafuu, na mpaka leo njia hiyo, ikiwa imeboreshwa, ndiyo inayotegemewa zaidi. Unapanga hofu zako kama ngazi, unaanza na ya chini. Unafunga mlango, unavuta mara moja, unaondoka. Shaka ikija huijibu. Husemi "nimefunga", kwa sababu hilo nalo ni kitasa, unalivuta kwa mdomo. Unasema, "Huenda nimefunga, huenda sijafunga," unaiacha hofu ipande, ikae, ishuke yenyewe. Inashuka. Mara ya kwanza ilichukua saa moja na nusu, nikiwa nimekaa kazini nimeshika kiti kwa mikono miwili. Dawa pia nilipewa, za kundi lilelile linalotumika kwa sonona, ila kwa ugonjwa wetu dozi mara nyingi huwa kubwa zaidi na huchukua wiki kadhaa, hata 12, kabla hujaona tofauti. Zilinisaidia. Sina kichekesho juu ya dawa, isipokuwa kwamba ilibidi tukubaliane na daktari juu ya utaratibu wa kujua kama nimeshameza ya leo.

Zoezi la barua pepe lilikuwa kumtumia daktari barua yenye kosa la makusudi, bila kuisoma tena. Nikaandika, "Habari za asubihi." Nikabonyeza, nikatoka nje kutembea. Akajibu, "Nzuri. Asubihi njema na wewe." Nilimpenda sana mtu huyu siku hiyo.

Kazi kubwa ilimwangukia dada. Kwa miaka alikuwa ndiye benki yangu ya uhakika. Nampigia: "Dada, uliponiona natoka nilifunga?" Naye anajibu, "Umefunga, mdogo wangu, nenda kazini." Daktari akamwambia kwa upole kwamba kila jibu lake linaulisha ugonjwa. Kuanzia leo, akiuliza, jibu ni moja: huenda. Dada akalichukua jukumu hilo kwa furaha ambayo sikuitarajia.

"Dada, unadhani nilifunga?"

"Huenda."

"Dada, yule mteja amekasirika?"

"Huenda."

"Dada, umeziona funguo zangu?"

"Huenda."

"Dada, hizo ni funguo za kweli, nazihitaji!"

"Huenda."

Alikuwa amezikalia.

Yeye pia ndiye aliyeanzisha utangazaji. Mwanzoni alikuja kunisindikiza mlangoni nikifanya mazoezi, na kwa kuwa haruhusiwi kunituliza, akaamua kutangaza kama mpira wa redioni. "Anakiendea kitasa! Anavuta, moja! Mikono mfukoni, mashabiki wamesimama! Anageuka, hatua ya kwanza, ya pili... hapana! Anatazama nyuma! Anatazama nyuma, mwamuzi anaangalia saa, je atarudi? Harudiii!" Jirani alifungua dirisha kuuliza nani amefunga goli. Nilicheka mpaka machozi, na nikiwa nacheka nilishafika barabarani. Ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kicheko kinanifaa. Wasiwasi haujui utani. Unataka jibu, jibu kamili, lenye sahihi na muhuri. Ukicheka unakuwa umeliacha swali limesimama mlangoni peke yake.

Lakini kuna kanuni nyumbani kwetu: anayeanza kucheka ni mimi. Kuna siku hakuna kinachochekesha, nimesimama pale jasho linanitoka, na mtu akitoa utani siku hiyo ni kama kunisukuma. Dada anajua kuisoma sura yangu. Siku hizo hatangazi. Anakaa kwenye ngazi, anasubiri, hasemi umefunga wala hujafunga.

Mara ya mwisho kupimwa nilipata 14. Haujaisha, na sijaambiwa utaisha. Siku ukizidi nafahamu, kwa sababu simu inaanza tena kujaa. Mpwa sasa ana miaka saba, nimeshambeba mabegani mara nyingi zaidi ya nilivyohesabu, na ni kweli sikuhesabu. Video nilizifuta. Nilibakiza moja, ile ya Alhamisi, ambayo ndani yake naonekana nimenyoosha vidole vitano, nakunja kimoja, nanyoosha tena, kisha nasema kwa uchungu wote, "Lakini hii si ya jana?"

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye gari, dada anaendesha, mimi pembeni, mtoto nyuma. Hatujafika mbali akapunguza mwendo.

"Hivi mlango wangu nimefunga?" Akanigeukia. "Si ulikuwa nyuma yangu? Nilifunga?"

Miaka yote nimeisubiri siku hiyo.

"Huenda," nikasema.

"Acha utoto, niambie."

"Huenda, Mama," akadakia mtoto kutoka nyuma.

Akatutukana wote wawili, akageuza gari. Akashuka, akaenda mlangoni, akavuta kitasa, akarudi, akawasha gari, akaanza kusimulia habari ya mwenzake wa kazini anayehama nyumba. Mara moja. Alivuta mara moja, na yakaisha. Nilikuwa namtazama vilevile mtoto anavyomtazama mtu wa mazingaombwe, nikitaka kumwomba arudie, taratibu, nione amefanyaje.